Mama Joka na Bango la Bosi

Tuanze na jina, maana watu wana midomo. Mama Joka hakuzaa joka. Alizaa watoto watatu wa kawaida, wakaidi kama baba yao, na kwa haki angeitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Lakini mama huyu alikuwa mwendeshaji wa Joka katika bustani ya michezo ya watoto, na Joka ni treni ndogo ya kijani inayopanda reli mpaka juu kabisa, ikasimama kidogo ili watu wakumbuke madhambi yao, halafu ikaporomoka. Ukilisimamia dude kama hilo tangu watoto wako hawajaota meno mpaka wameoa na kuolewa, jina la kifungua mimba halina nguvu tena. Hata mume wake alipotafutwa mtaani, watu waliuliza kwa Baba Joka ni wapi. Naye aliitika, afanyeje.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa na kigoda, kopo la grisi, tambara na mkono wa chuma uliotoka sakafuni. Ukiuvuta, Joka linasimama, ukiuachia, linakwenda. Nje ya kibanda alisimamisha kijiti cha kupimia urefu. Mtoto akifikia mstari anapanda, asipofikia arudi mwakani, na kulia hakuongezi urefu. Hakuna aliyewahi kuulizwa kama ni wa kike au wa kiume. Mama Joka alikuwa na maoni yake, lakini yalihusu watu wazima. "Wanaopiga kelele kuliko wote ni akina baba," alikuwa akisema. "Wanapanda kifua mbele, wanashuka wameshikwa mkono na mtoto."

Alilipenda Joka, nisifiche. Asubuhi kabla ya wageni alilizunguka lote na kopo lake, akilipaka grisi huku, akilipangusa kule, akilisimulia ya nyumbani. Wenzake walimcheka. Aliwaambia heri kuongea na chuma, hakipeleki maneno kwa jirani.

Sasa mwenye bustani, ambaye kila mtu alimwita Bosi, akasafiri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtu mwenye pesa akisafiri harudi na mizigo tu, anarudi na fikra. Alirudi simu imejaa picha. Akawakusanya wafanyakazi wote mbele ya farasi wa kuzunguka, akapanda juu ya boksi, akatangaza kwamba wenzetu wamefika mbali sana.

"Huko kila mtoto ana kwake," akasema. "Kwa hiyo na sisi tunagawa. Kushoto wavulana: Joka, magari ya kugongana, kulenga shabaha. Kulia wasichana: vikombe vinavyozunguka, farasi, na nyumba mpya, Nyumba ya Binti Mfalme. Kushoto tunapaka buluu, kulia waridi."

Mama Joka akanyoosha mkono. "Bosi, na msichana anayetaka Joka?"

"Hatalitaka. Akishaona mataji, Joka atalisahau."

"Na mvulana anayetaka vikombe?"

Bosi akakohoa, akasema hilo litaangaliwa. Kisha akaendelea, na hapa alimtazama mama wa watu kwa huruma ile mbaya, huruma ya mtu anayekufukuza huku anakuwekea kiti. Alisema kila upande lazima uwe na sura yake. Upande wa kiume utaendeshwa na wanaume. Kijana wa getini, yule aliyeitwa Misuli kwa sababu shati lake halikuwahi kufungika, angeshika Joka. Mama Joka angehamia Nyumba ya Binti Mfalme kuwavalisha watoto mataji.

"Umri nao umekwenda, mama," Bosi akamalizia. "Kule utakaa kivulini."

Ilimuuma. Angefukuzwa kabisa angejua la kufanya, angetukana akaondoka zake. Lakini kuambiwa Joka si lako kwa kuwa wewe ni mwanamke, baada ya kulilea miaka yote hiyo, halafu ukaambiwa ushukuru kivuli? Akarudi nyumbani kwa miguu, njia nzima anajibu maneno ambayo hakuyajibu mbele ya Bosi.

Nyumbani nako kulikuwa na yake. Mume wake alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, asiyesema neno kama kunyamaza kunatosha. Mama Joka alifungua mlango, akakuta chumba kizima ni kitambaa cha waridi. Kitandani waridi, kwenye viti waridi, na fundi mwenyewe amekaa katikati, pini mdomoni, anashona gauni la mtoto lenye mabawa.

"Kazi ya Bosi," fundi akasema, akazitoa pini. "Magauni ya Binti Mfalme. Kaniletea mchana."

"Kwa hiyo mimi nafukuzwa huku, mume wangu anashona sare ya kunifukuzia."

"Mama watoto, nguo ni nguo."

"Na gauni langu liko wapi? Maana na mimi ni binti mfalme kuanzia Jumamosi."

Fundi alimtazama mkewe, akatazama kitambaa, akataka kucheka, akaona uso wa mwenzake, cheko likarudi lilikotoka. Akasogeza magauni pembeni, akampisha akae. Hapo ndipo mama yule alipomwambia lile ambalo kazini hakumwambia mtu: kwamba anaogopa. Bila Joka hajui atakuwa nani. Watoto wameoa na kuolewa, nyumba imebaki kimya, na pale kibandani ndipo mahali pekee ambapo mtu akimwona anajua huyu ni nani na anafanya nini. Fundi akainuka. Alimpikia chai, akamwekea sukari nyingi kuliko anavyoruhusiwa.

Wiki ile Mama Joka alimfundisha Misuli kazi. Watu walidhani atamfundisha vibaya ili kijana aharibu, na shetani naye alimnong'oneza hilo, tusidanganyane. Lakini kwenye viti vya Joka wanakaa watoto wa watu. Akamfundisha yote: jinsi ya kukagua mikanda, jinsi ya kuvuta breki polepole, lini umkatalie mzazi anayebembeleza. Misuli alishika vizuri. Tatizo lake lilikuwa jingine. Kila Joka lilipoporomoka, yeye alifumba macho.

"Unafumba nini, wewe uko chini," Mama Joka akamwambia.

"Mama, mimi sipendi makelele." Kijana akainamisha kichwa. "Nimekulia kwa dada zangu watano. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kuwasuka nywele. Nikiwa nasuka, hapo akili yangu inatulia. Lakini nikimwambia Bosi hivyo, na misuli yote hii, ataniona mtu wa ajabu."

Wakatazamana, yule aliyetaka chuma akapewa mataji, na yule wa utepe na vitana akapewa chuma. Wakacheka mpaka Mama Joka akashika mbavu. Kucheka hakukubadilisha kitu. Amri ni amri.

Sasa tuje kwenye bango, maana bila bango hili mimi nisingekuwa na la kuwasimulia.

Pale mtaani kulikuwa na mchora mabango aliyeitwa Herufi. Huyu bwana alikuwa na mkono mzuri na ugonjwa mmoja: sarufi. Kinyozi akimpa maneno "tuna nyoa", yeye anaunganisha. Muuza duka akimletea "aina kukopa", anamkalisha na kumweleza tofauti ya aina na haina, mpaka mteja anatamani angenunua rangi aandike mwenyewe. Na mteja asipokuwepo, anasahihisha bila kumwambia. Aliona ni kumsitiri.

Bosi alimtumia ujumbe kwa simu. Alitaka bango moja refu la kuning'inia juu ya njia panda ndani ya bustani, kushoto liseme upande wa wavulana, kulia upande wa wasichana. Lakini aliandika kwa haraka, kwa kidole gumba kinene, na kama tunavyomeza maneno tukizungumza, naye akameza "wa" moja kila mahali. Kilichomfikia Herufi kilisema: kushoto andika upande wavulana, kulia andika upande wasichana.

Herufi akaumia moyo. Upande? Upande ni kumwambia mtu mmoja apande: wewe, upande. Wavulana ni wengi, wasichana ni wengi. Bosi mzima, mwenye bustani, anataka kuaibika mbele ya umma kwa sababu ya kiambishi? Akamsitiri. Akaandika kwa herufi kubwa, nyekundu, zilizonyooka: WAPANDE WAVULANA. WAPANDE WASICHANA. Akalifunga bango kwa kitambaa cha waridi alichoomba kwa fundi, akalipeleka, likatundikwa likiwa limefunikwa.

Jumamosi watu walikuwa wengi. Mama Joka alisimama mlangoni pa Nyumba ya Binti Mfalme, boksi la mataji mikononi, kucha zake bado zina grisi isiyotoka. Mbele kabisa, kwenye kiti cha heshima, alikaa mama mkwe wa Bosi. Bibi huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, alifundisha Kiswahili maisha yake yote, na Bosi alimwogopa kuliko kodi. Aliwahi kuletewa kadi ya mwaliko wa harusi ya binti yake mwenyewe, akairudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu. Tangu siku ile Bosi alikuwa akitafuta neno moja zuri kutoka kinywani mwake. Hajalipata. Kwa bibi yule, mume wa binti yake alikuwa "huyu bwana" tu.

Bosi alihutubia. Alisema juu ya maendeleo, akasema juu ya wenzetu waliofika mbali, kisha akavuta kamba huku amewageukia watu, maana mpiga picha alimkataza kutazama juu. Kitambaa kikaanguka. Watoto wakasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama wanavyosoma darasani: wa-pa-nde wa-vu-la-na, wa-pa-nde wa-si-cha-na.

Mtoto haambiwi hivyo mara mbili. Walikwenda wote kwa pamoja, wenye magauni na wenye kaptula, na wengi wao moja kwa moja kwenye Joka. Mlinzi aliyewekwa pale kuwagawa alitazama bango, akasogea pembeni. "Mimi nafuata maandishi," akasema.

Bosi akageuka, akasoma. Alifungua mdomo amwite Herufi, na naapa angemwita kwa jina ambalo halikuwa Herufi. Lakini mama mkwe alikuwa ameshasimama.

"Nani ametunga maneno haya?"

Bosi alijua kwamba akimtaja Herufi itabidi aeleze yeye mwenyewe alitaka kuandika nini.

"Mimi, mama," akasema kwa sauti ndogo, akisubiri wino mwekundu.

"Kitenzi kimekaa mahali pake," bibi akasema. "Na maneno yenyewe ni ya haki. Mimi nilikuja nimenuna, nikijua nitakuta wa kike wamepelekwa kule na wa kiume kule, kama vyooni. Umenishangaza, mwanangu."

Mwanangu. Bosi aliyumba kidogo. Miaka yote hiyo ya huyu bwana, huyu bwana, leo mwanangu, tena mbele ya kadamnasi.

"Ndiyo fikra yangu, mama," akasema. "Ya siku nyingi."

Mwongo mkubwa, lakini tumsamehe, furaha ilimzidi.

Bibi akamshika mkono mjukuu wake, binti wa Bosi, mtoto aliyekwisha kulivua gauni lake la mabawa na kulitia chini ya kiti. "Twende. Bango limesema tupande." Wakaenda, Bosi nyuma yao, mpaka kwenye kibanda cha Joka, wakamkuta Misuli ameushika ule mkono wa chuma, jasho linamtiririka.

"Kijana, umeendesha mtambo huu muda gani?"

Misuli hakuwa na kipaji cha uongo. "Tangu wiki hii, mama."

"Wiki hii. Na aliyekufundisha?"

"Yuko kule," Misuli akaonyesha kwa kidevu. "Anavalisha mataji."

Bibi alimgeukia mkwewe. Alimtazama tu vile alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyeandika vizuri mstari wa kwanza kisha akaharibu wa pili. Mtazamo huo ulitosha. Bosi alivuka bustani mbio, tai begani.

Alimkuta Mama Joka akihangaika na kichwa cha mtoto mmoja. Taji alilibana kwa nguvu ya mtu aliyezoea kukaza nati, na mtoto alikuwa amekunja uso.

"Mama Joka, njoo mara moja. Unahitajika kwenye Joka."

"Ulisema huku ndiko kwangu, bosi."

"Nilisema. Sasa mama mkwe amesimama kwenye foleni."

Mama Joka alilitua boksi. Miguu yake ilishataka kuondoka peke yake. Akaizuia. Alijua akienda sasa hivi ataendesha mara moja, bibi atapanda, atashuka, ataaga, na Jumatatu yeye atarudi tena kwenye mataji.

"Bosi, mimi sitaki Joka la kuazima," akasema. "Nikitoka hapa leo kwa ajili ya mkwe wako, na mkwe akiondoka ukanirudisha, utakuwa umeniumiza mara mbili. Mara moja imenitosha."

"Tutazungumza, mama."

"Tuzungumze. Mimi sina haraka. Mwenye haraka amesimama kwenye foleni."

Bosi alichungulia. Bibi alikuwa anatazama saa. Bosi akamrudia Mama Joka, akajifuta uso, na nadhani kwa mara ya kwanza alimwona sawasawa, kucha zake na yote. "Unalipenda kweli lile dude," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

"Nalipenda. Na nilikuwa nalia kwa ajili yake wiki nzima, kama ulikuwa hujui."

Bosi akachungulia tena foleni. "Basi nenda. Ni lako."

"Kamwambie Misuli wewe mwenyewe. Mimi simnyang'anyi mtu kazi."

Akamwambia. Misuli nusura amkumbatie. Aliuachia ule mkono wa chuma, akaenda zake upande wa mataji bila kuaga, na kabla saa haijaisha foleni ya kusukwa kwake ilikuwa inashindana na ya Joka. Mtoto wa kwanza kukaa kwenye kiti chake alikuwa mvulana, aliyetaka utepe wa kijani afanane na Joka. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Bosi alitaka kubaki chini. Bibi akamwambia mtunzi wa maneno lazima ayatii maneno yake, akamkalisha ubavuni. Mama Joka akakagua mikanda, wa Bosi akaukaza mara mbili, akaingia kibandani, akaachia.

Joka likapanda. Kule juu likasimama. Kisha likaporomoka, na sauti iliyosikika bustani nzima haikuwa ya mtoto.

"Mama angu, mama angu!" Bosi alilia.

"Mama yangu," bibi akamsahihisha katika kona ya kwanza, ameketi wima, miwani haijasogea. "Tena mimi ni mkwe wako."

Binti katikati yao alicheka mpaka akapata kwikwi. Waliposhuka alimshika baba yake mkono, akamwongoza mpaka kwenye benchi.

Ilikuwa siku nzuri, lakini Mama Joka hakulala vizuri. Ahadi ya mtu aliyebanwa haina uzito, na mama mkwe alikuwa ameshaondoka. Jumatatu aliwahi kazini. Akaingia getini, akatazama mbele. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye bango. Herufi yuko juu na brashi, Bosi yuko chini, mikono kiunoni, anaelekeza.

Hakusalimia. Alisimama palepale, kopo la grisi mkononi, akasubiri kuona neno gani litafutwa kwanza. Alijiambia kwamba safari hii atatukana, liwalo na liwe. Brashi ikaenda, ikarudi. Hakuna kilichofutwa. Chini ya maneno yale makubwa mekundu, Herufi alikuwa anaongeza mstari mwingine, mdogo, wa dhahabu: Maneno ya Mwenye Bustani.

"Unaonaje, Mama Joka?" Bosi akamwita, kifua mbele. "Mama mkwe amepiga simu. Amesema maneno mazuri yasibaki bila mwenyewe."

Mama Joka aliusoma mstari ule mara mbili. Rangi ya dhahabu, ya mafuta, isiyotoka kwa mvua wala jua. Ameyaita yake, tena mbele ya watu wote watakaopita hapa. Atayafutaje sasa?

"Yamependeza, bosi," akasema. "Yamekukaa."

Akaenda kibandani kwake, akaketi kwenye kigoda, akalia. Hakusingizia vumbi.